Lori la Odero: Posa Yaja Injini Ikiwa Hewani

Kama wiki jana hukusoma, hukukosa raha yoyote. Uliniacha nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani kwangu hapa Nsambya, nikilitazama lori la marehemu mume wangu, Odero. Halikuwa na injini, halikuwa na milango, na breki zake zilikuwa jina tu. Kutu ilikuwa imekula sakafu ya kebini hadi kuku wakawa wanaingia na kutoka kwa chini.

Fundi wa kwanza aliondoka na kabureta. Wa pili alipaka rangi juu ya kutu na kunitaka nimshangilie. Wa tatu, Nyongesa, kijana wa Bungoma mwenye gereji ndogo kule Nateete, alilizunguka Bedford lile kuukuu, akaligonga hapa na pale kwa kidole, akasema, "Bosi, hili halijafa. Limenyamaza tu."

Nikampa kazi papo hapo.

Mimi ni Nanyama. Nina diploma ya ugavi. Nimekuwa mtunza stoo miaka mingi, mpaka siku nilipochoka kutunza vitu vya watu, nikaamua kufufua lori la mume wangu nibebe mchanga na matofali. Kazi niliiacha kabla lori halijawaka. Ndiyo, kabla. Usijisumbue kunicheka. Jirani yangu Rukiah amenicheka kwa niaba ya mji mzima.

Kisha mwenye nyumba wetu, Mzee Erinayo, akaamua kujenga fleti hapohapo uani. Akamwaga mlima wa mchanga karibu na lango, akaja kuniona.

"Nnyabo, Jumatatu tingatinga inaingia hapa," alisema. "Ikikuta hiyo gari yako imekufa, mimi naita vijana wa chuma chakavu. Wanakata na gesi, wanabeba."

"Na ikiwa imewaka?"

"Ikitoka hapa na moto yake mwenyewe, inalala kwa kiwanja yangu kule juu ya barabara. Na kazi ya kubeba mchanga nakupa wewe. Lakini nnyabo, hiyo gari? Iwake?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikia ya wiki hii.

*

Alhamisi asubuhi Nyongesa alirudisha ile injini ya Odero aliyoipeleka gerejini kwake Nateete, imefunguliwa yote, imesafishwa, imefungwa upya. Tuliinyanyua kwa cheni kwenye fremu ya mabomba tuliyoisimamisha mbele ya lori. Yeye alivuta cheni. Mimi nilikuwa chini ya gari, mgongo kwenye gunia, nikiielekeza injini ishukie mahali pake.

Ndivyo tulivyofanya kazi kwa muda wote. Yeye juu, mimi chini. Au mimi juu, yeye chini. Nilikuwa nimeshajua spana zake kuliko ninavyojua vijiko vyangu. Tulikula chapati kwenye sahani moja tukiwa na grisi hadi kwenye viwiko.

Cheni ikasimama.

"Bosi, toka chini kwanza."

"Shusha, Nyongesa. Naiona boliti."

"Toka kwanza. Nina neno."

Nikatambaa nikatoka. Nilimkuta amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Mikono ameifuta ikawa safi. Hata fundi wa saa hana mikono vile.

"Nipe spana," nikasema.

Hakunipa mkononi. Aliinama, akaiweka chini katikati yetu, akarudi nyuma.

"Chukua hapo, Mama."

Mama! Tangu aanze kazi ananiita Bosi. Nikamtazama usoni, yeye akatazama gurudumu.

"Nyongesa, umekula nini leo?"

"Ni mambo ya mimi na Moreen."

"Moreen gani?"

"Moreen wako."

Moreen ni binti yangu, wa pekee. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Nakasero. Nilidhani anawahi kurudi nyumbani jioni kwa sababu anampenda mama yake.

"Na neno hili umeamua kulisema leo?" nikauliza. "Injini ikiwa hewani?"

"Nilitaka kungoja, Mama. Lakini Baba Mdogo Khaemba amefika Kampala. Ndiye anayesimama badala ya baba yangu. Amesema Jumamosi anakuja hapa na wazee kupaona nyumbani. Nisingesema leo, angetukuta wewe umelala chini na mimi nakupitishia nyundo."

Msomaji wa kwetu, upande wa Bungoma, ameshashika kichwa. Wewe usiye wa kwetu, nakueleza upesi. Mwanaume akishatamka neno la posa, mama wa msichana anakuwa mtu wa kuogopwa. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Akimwona njiani anapita upande wa pili. Kuketi naye kiti kimoja kwenye gari ni jambo ambalo watu hulisimulia kwa sauti ya chini. Si chuki. Ni heshima, na heshima ile ikivunjwa, ndoa inaweza kuvunjika nayo.

Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mkwe wangu na ovaroli lililochanika mapajani.

"Nani atashusha injini?" nikauliza.

"Sijui, Mama."

"Nani atafunga breki?"

"Sijui, Mama. Nisamehe."

Akaondoka kinyumenyume, macho chini, mpaka akagonga mgongo kwenye lango. Injini ilibaki pale juu, ikiyumba polepole kama jino linalotaka kung'oka.

*

Moreen alirudi jioni, akanikuta mlangoni.

"Ulijua?"

"Mama, mimi ndiye ninayeolewa. Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Kila nikirudi naona miguu yako tu, mwili wote uko chini ya gari. Niongee na viatu?"

"Moreen, sikatai. Kijana ni mzuri. Mwambie tu asogeze mbele kidogo."

"Mpaka lini?"

"Injini ikae. Breki zishike. Lori litoke langoni. Baada ya hapo oaneni mpaka mchoke."

Alivua viatu vyake vya kazi, akaviweka pembeni vizuri sana. Moreen akikasirika huwa nadhifu.

"Kwa hiyo mimi ningoje lori."

"Siku chache tu."

"Baba alipokuwa hai, lori lilikuwa barabarani na sisi tulikuwa nyumbani. Sasa lori liko nyumbani, na wewe ndiye hupo."

Hapo mama wa maana angemkumbatia mtoto wake. Nakwambia ukweli, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Mimi nilimuuliza kama Nyongesa amemwambia boliti za klachi alizikaza au bado.

Moreen akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

*

Ijumaa nilitafuta fundi mwingine. Alikuja mmoja, akatazama injini ikining'inia, akauliza, "Nani amefungua hii?"

"Fundi wangu. Amepata udhuru."

"Amekufa?"

"Anaoa."

"Basi atarudi. Mimi siingizi mkono kwa kazi ya mtu. Kesho ikigoma utasema ni mimi." Akapanda boda yake akaenda.

Rukiah alikuwa akisikiliza juu ya ukuta, kikombe cha chai mkononi. Rukiah hakosi kitu uani kwangu. Siku akihama nitakuwa sijui habari zangu mwenyewe.

"Banange, Mama Moreen! Kweli yule fundi ndio mukwe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa naye chini ya gari?"

"Rukiah, tulikuwa tunafunga gia."

"Sisi Baganda tunaogopa hiyo. Ukigusa mukwe unapata obuko. Mikono inaanza kutetemeka, hivi." Akatetemesha kikombe mpaka chai ikamwagika ukutani. "Mpaka kufa! Sasa fundi mwenye mikono ya hivi atafunga boliti gani? Hata soda hawezi kufungua."

"Asante kwa faraja."

"Usikasirike, bambi. Mimi nauliza tu. Kwani shida ni kazi ama ni macho?"

"Shida ni kukaribiana. Kuonana, kushikana, kuongea uso kwa uso."

"Basi tia shuka."

"Shuka?"

"Tundika shuka katikati. Yeye huko, wewe huku. Moreen asimame kwa kona abebe maneno. Au shuka zote umefutia mafuta ya gari?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Ilikuwa akili kuliko yote niliyokuwa nimeyawaza tangu jana.

Moreen ndiye aliyempigia Nyongesa simu. Alifanya hivyo bila kunitazama. "Njoo umalize kazi ya Mama," alimwambia, "ili nami nipate mama."

*

Mchana shuka lilikuwa kwenye kamba, lile langu la maua ya manjano. Nyongesa alisimama upande wa cheni, mimi upande wa gari. Moreen alikaa kwenye ndoo, mahali alipoweza kutuona sote wawili.

Sauti ya Nyongesa ikatoka nyuma ya maua: "Moreen, mwambie Mama, kwa heshima zake zote, na kama ataona inafaa, aisukume injini upande wa kushoto, lakini polepole, na aangalie vidole vyake, maana hapo chini pana ukingo mkali ambao sikuupiga tupa."

Moreen akanigeukia. "Mama, kushoto."

"Amesema hilo tu? Nimemsikia akihubiri."

"Mengine ni adabu."

Nikasukuma. Ukingo ukanikata kidole.

"Mwambie ningependa kusikia na hizo adabu!"

"Nyongesa, Mama anasema sawa."

Tuliendelea hivyo. Yeye anasema sentensi ndefu kama barua ya maombi, Moreen ananiletea neno moja. Mimi nauliza swali, Moreen analipunguza makali, linafika upande wa pili likiwa halina maana. Rukiah juu ya ukuta alikuwa ameita wenzake wawili.

"Kushoto kwake au kwangu?" nikapaza sauti.

Cheni ikasimama nyuma ya shuka. Nilikuwa nimemwongelesha moja kwa moja.

"Moreen," sauti ikasema, "mwambie Mama, kushoto kwa lori."

Injini ikashuka. Ikakwama. Ikanyanyuliwa. Ikashuka tena, na safari hii nikaona matundu ya boliti yakilingana. Nikapitisha boliti ya kwanza, ikaingia bila kusukumwa.

"Imekaa!" nikapiga kelele.

"Imekaa!" akajibu yeye, na nikamsikia akicheka, kile kicheko chake cha gereji. Nami nikacheka. Kisha tukakumbuka sisi ni nani kwa kila mmoja, nikashika spana yangu, naye cheni yake.

Moreen alikuwa akitabasamu. Mara ya kwanza tangu Alhamisi. Ningejua, ningeacha mambo yaishie pale.

*

Jumamosi wazee walitarajiwa mchana. Gomesi langu la bluu, vazi la kupokelea wageni, lilikuwa limenyooshwa, liko kitandani. Mimi nilikuwa nimevaa ovaroli. Nilipanga tuwashe lori asubuhi, nioge, nivae, niwapokee wageni kama mama wa watu.

Nyongesa alikuja mapema. Safari hii hatukuhitaji shuka. Starta ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo lori lingewashwa kwa hendeli, kile chuma kirefu kinachochomekwa mbele na kuzungushwa kwa mkono. Yeye angesimama mbele. Mimi ningekaa kwenye usukani. Boneti ikifunguliwa ikasimama, ingetuficha mmoja na mwingine kabisa.

"Boneti ndiyo pazia lenu leo," alisema Moreen. Alikuwa amevaa gauni jipya na alisimama mbali na kila chenye grisi.

Chini ya magurudumu ya mbele tulikuwa tumeweka mawe. Odero alizoea hivyo. Lori la zamani huwezi kuliamini, alikuwa akisema, unalitilia jiwe. Taniboi wake alitembea kando ya gari na jiwe mkononi kila walipopanda mlima, tayari kulitupa kwenye gurudumu.

Nyongesa akaanza kuhubiri kutoka upande wa pili wa boneti. "Moreen, mwambie Mama awashe ufunguo, avute choki. Kisha mwambie, tafadhali sana, asiguse gia hata kidogo, kwa sababu breki bado sijaweka mafuta, na waya wa breki ya mkono uko kwenye..."

Honi ikalia nje ya lango.

Moreen akashtuka. "Wamefika! Wamewahi! Mama, washa ufunguo, vuta choki!" Akakimbilia lango akipangusa gauni, na maneno yote yaliyobaki akaondoka nayo mdomoni. Mimi niliyasikia baadaye. Wakati ule nilisikia mvumo tu, na nilishazoea kwamba baada ya maneno mawili ya kwanza ni adabu.

Nikawasha ufunguo. Nikavuta choki.

Nyongesa akazungusha. Lori likakohoa. Akazungusha tena. Likapiga chafya ya moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Akazungusha mara ya tatu, na injini ikashika.

Siwezi kukuandikia sauti ile. Mara ya mwisho kuisikia, Odero ndiye alikuwa amekalia kiti hiki. Usukani ukatetemeka mikononi mwangu, sakafu mpya ikatetemeka, meno yakatetemeka. Obuko wa Rukiah, nikawaza, na nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja.

Nikakanyaga klachi. Nilitaka tu kujua kama gia inaingia. Nikasukuma mti wa gia. Ukaingia laini kabisa.

Nilikuwa na kandambili, na pedali ilikuwa na grisi. Mguu ukateleza.

Lori likaruka mawe yote mawili.

Mbele sikuona chochote ila boneti. Nyongesa alikuwa upande ule. Nikasikia chuma kikianguka, kisha kitu kikisagika chini ya gurudumu. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni kama nimekanyaga matope. Nikavuta breki ya mkono. Ikaja yote mkononi, haijaunganishwa na kitu.

"Nyongesa!"

Lango lilikuwa wazi. Moreen alikuwa amepiga magoti pale kusalimia. Mbele yake alisimama mzee mrefu wa suti ya kahawia, fimbo mkononi, na nyuma yake wazee wengine wawili. Hayo yote niliyaona kupitia ubavu wa lori, mahali ambapo mlango ungekuwepo kama lori lingekuwa na mlango. Lori lilikuwa linawaelekea.

Ndipo Nyongesa akatokea ubavuni, mzima, akikimbia. Akarukia kikanyagio. Hakukuwa na pa kukaa ila juu yangu, basi akaja juu yangu. Bega lake kwenye shavu langu. Mkono mmoja kwenye usukani, wa pili juu ya mkono wangu kwenye mti wa gia. Akakata kona kwa nguvu zote, lori likapanda mlima wa mchanga wa Mzee Erinayo, akaitoa gia, na magurudumu yakazama.

Tukasimama. Boneti ikaanguka yenyewe, pwaa.

Pazia likawa halipo tena.

Basi picha waliyoiona wazee wa Bungoma, siku ya kwanza kufika kwangu, ni hii: mama mkwe amepoteza kitambaa cha kichwa, ovaroli limechanika, analia, mkwe amemkalia nusu, amemkumbatia nusu, na amemshika mkono.

Injini haikuzimika. Ilinguruma taratibu, safi, kama imetoka kiwandani.

*

Mzee Khaemba hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nyongesa," alisema. "Huyo ndiye fundi wako wa lori uliyenisifia, au ndiye mama wa msichana?"

"Ni mama, Baba."

"Shuka."

Nyongesa alitaka kushuka. Kabla hajagusa ardhi, Mzee Erinayo akatokea mlangoni kwake, ng'ambo ya ua, na fulana, mswaki mdomoni.

"Inawaka! Nnyabo, inawaka! Toa! Toa sasa hivi, lango iko wazi!"

"Ulisema Jumatatu!" nikamwambia.

"Dereva ya tingatinga amenipigia. Jumatatu hana nafasi, anakuja leo. Yuko hapo chini kwa kona. Ukitoa, mimi nabaki na neno yangu. Ukizima, vijana wa gesi nao wako njiani."

Nikatazama chini. Hendeli lilikuwa limelala nyuma ya gurudumu, limepinda kama ndoano. Starta haipo. Nikizima injini hii leo, hakuna mkono wala chuma cha kuiwasha tena.

Nikapiga hesabu upesi, ile ya mtunza stoo. Nje ya lango barabara inapanda. Gari lisilo na breki linaweza kupanda kwa gia ya kwanza, polepole, mpaka kiwanja cha juu. Lakini linahitaji watu wawili. Mmoja kwenye usukani, mmoja kando na jiwe. Na kulirudisha nyuma kutoka kwenye mchanga bila kuzima kulihitaji mikono iliyoijua injini ile.

Mzee Khaemba alikuwa amesogea mpaka kwenye kikanyagio. Alinitazama begani, hakunitazama usoni. Hata katika hasira alishika heshima.

"Mama," alisema, "mimi si mtoto. Nimeona gari lilikuwa linatujia, nimeona kijana alivyolizuia. Jambo kama hili lina njia yake ya kulisafisha kwetu, na wewe unaijua. Zima hiyo mashine, ushuke, uvae nguo, tuketi tuongee kama watu. Lakini akibaki humo na wewe baada ya mimi kusema, basi atakuwa amechagua. Tutarudi Bungoma, na Moreen atabaki mtoto wako."

Nje, chini ya barabara, nikasikia minyororo ya tingatinga ikikwaruza lami.

Sitakudanganya. Nilifikiria lori kwanza. Nilifikiria kazi niliyoiacha, chapati tulizokula na grisi, kiti hiki ambacho Odero alikikalia mpaka kikachukua umbo lake. Niliwaza kwamba wakwe hupatikana, lakini Bedford linalowaka halipatikani.

Kisha nikamtazama mwanangu. Moreen alikuwa bado kwenye magoti langoni, gauni jipya limejaa vumbi. Hakuwa akimtazama Nyongesa wala Mzee Khaemba. Alikuwa akiutazama mkono wangu, kujua utakwenda wapi.

Nikaupeleka kwenye ufunguo.

Nakuapia, msomaji, nilikuwa nazima. Vidole vilikuwa vimeshashika. Kwa mara ya kwanza tangu lori hili lianze kunila, nilikuwa nimechagua vizuri, na nilitaka mtoto wangu aone.

Mkono mwingine ukaja juu ya wangu, ukaushika. Mkono wenye grisi, usiotetemeka hata kidogo.

Nyongesa hakuita Moreen abebe neno. Hakutazama gurudumu. Alinitazama usoni, mbele ya baba yake mdogo na wazee wote.

"Bosi," akasema. "Usizime."

Mzee Khaemba akarudi nyuma hatua moja.

Langoni, Moreen akainuka. Akapangusa magoti yake, moja, kisha la pili, vizuri sana. Akainama, akaokota moja ya yale mawe ambayo lori lilikuwa limeyaruka, akalipima uzito kwa mikono miwili, akaanza kuja kwetu.

Sikuweza kujua kama jiwe lile lilikuwa la kutilia gurudumu au la kuvunjia kioo.